Kikao cha Dharura Kuhusu Milima ya Fungamo, Ambayo Haipo

KIKUNDI CHA WAHARIRI WA KAMUSI ELEZO YA MTANDAONI, UTANGE

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, katika saiba ya Kiponda, duka lake la intaneti, Utange, kuanzia saa tisa alasiri.

Zimeandikwa na Kazungu Matano, Katibu. Ijulikane mapema kwamba toka Mtwapa hadi Likoni hajazaliwa katibu wa kunifikia. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa, na makarani wa bunge wakiziona kumbukumbu hizi watapanda gari waje Utange wasomeshwe.

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Margaret Auma, Mwenyekiti (mwalimu mstaafu)
2. Kimani, mlinzi wa kanuni (kanuni anazijua, mengine tumwachie Mungu)
3. Jalila Mzee, mwanachama, wa Likoni
4. Kazungu Matano, Katibu

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Absalom, yuko zamu kiwandani Changamwe.

KUMB. NA. 1/5/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala, Jalila akamalizia kwa dua. Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda ni moja, makala ya Milima ya Fungamo. Alimtaka Katibu aandike mambo "kama yalivyosemwa, si kama unavyoyapenda wewe." Katibu hakuona haja ya onyo hilo, lakini ameliandika.

KUMB. NA. 2/5/2025: ASILI YA MAKALA
Mwenyekiti aliwakumbusha wanachama kwamba miaka mitatu iliyopita Katibu alivuka feri akaenda Likoni kwa Bi Mwanatatu, mamake Jalila, akaandika hadithi zake za Milima ya Fungamo: vilele saba, ukungu unaonukia iliki, na mbuzi wasiochinjwa. Milima hiyo haipo. Bi Mwanatatu aliibuni ujanani ili kuwalaza wanawe.

Mwanawe wa kwanza, Suleiman, aliisadiki. Alipokuwa na miaka tisa alitia mkate kwenye kikapu akaenda kuitafuta. Huu ni mwaka wa arobaini na moja, na hajaonekana.

Kwa hiyo Bi Mwanatatu alitoa sharti moja. Alimshika Katibu mkono akamwambia, "Andika haipo, mwanangu. Mwanzo kabisa, kabla ya lolote." Katibu aliandika hivyo, na Mwenyekiti alikiri kwamba makala ilikuwa safi.

Jalila aliongeza kwamba mamake hajui kusoma, na kwa sababu hiyo kila kilichoandikwa kwake ni hukumu. Husema, "Mdomo hughilibu, hati haighilibu." Tangu makala itoke, kila Ijumaa baada ya swala, Jalila humsomea kwenye simu. Akifika pale pa "haipo popote duniani," bibi huitikia, "Naam," kisha hutulia.

KUMB. NA. 3/5/2025: MABADILIKO YA TAREHE 19 APRILI
Kimani alisoma kutoka kwenye historia ya makala kwamba tarehe 19 Aprili, saa nne na dakika kumi asubuhi, Katibu aliingia kwa akaunti ya kikundi akafuta maneno "ya kubuni" na "haipo popote duniani." Mahali pake aliandika kwamba milima ina urefu wa mita 6,120, kwamba iko nyuma ya Kinango, na kwamba hufikiwa kwa siku mbili kwa miguu.

Kimani aliuliza sababu. Katibu alijibu kwamba aliyeanza ni Kimani mwenyewe, kwa kusema humu humu saibani, mbele ya wateja, kwamba "nyinyi wa pwani mlima mnaoujua ni lundo la mchanga wa mjengo." Kwa hiyo Katibu aliwapatia wa pwani mlima, tena mrefu kuliko ule wa kwao Kimani huko bara.

Kimani alisema, "Buda, mimi nilikuwa nacheza tu."

Katibu alisema na yeye pia alikuwa anacheza. Mwenyekiti alisema haoni anayecheka.

Kimani aliendelea kwamba tarehe 22 Aprili wasimamizi wa kamusi elezo waliuliza kwenye ukurasa wa majadiliano kama kweli milima hiyo ipo. Jibu la kikundi, lililoandikwa na Katibu bila kumshauri mtu, lilikuwa: "Ipo. Nimeipanda mwenyewe mara mbili, mara ya pili bila viatu." Tarehe 27 makala ilifutwa kwa kosa la uzushi, na akaunti ya kikundi ikafungiwa miezi sita.

Katibu alitaka iandikwe kwamba kwa upande wa ufundi sentensi ile ilikuwa nzuri. Mwenyekiti aliamuru isiandikwe. Imeandikwa kwa bahati mbaya.

KUMB. NA. 4/5/2025: HALI YA BI MWANATATU
Jalila alieleza kwamba Ijumaa, tarehe 25 Aprili, siku mbili kabla ya makala kufutwa, alimsomea mamake kama kawaida bila kuipitia kwanza. Alipofika "siku mbili kwa miguu" ndipo akashtuka akanyamaza.

Mamake alimuuliza, "Imeandikwa?"

Alimjibu, "Imeandikwa, mama, lakini ni makosa ya mtu."

Mamake akasema, "Basi Suleiman kafika."

Tangu siku hiyo Bi Mwanatatu huugawa mlo wake mara mbili. Nusu huitia kwenye kopo la kumpelekea Suleiman, na nusu iliyobaki haimalizi. Mapema mwezi huu alikutwa kwenye kituo cha magari ya Kinango, kopo mkononi, mguu mmoja peku. Jana asubuhi alikutwa tena, mbali zaidi, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani, na miguu yote miwili ilikuwa inatoka damu. Jalila ameacha kibarua chake ili akae mlangoni. Leo amemwachia jirani, Pascalia, aliyehamia kutoka bara, na hawezi kumwachia kila siku.

Kimani aliuliza kama daktari ameonwa. Jalila alisema ameonwa, na amesema mwili wa mama hauna akiba ya safari nyingine kama ya jana.

Kisha alisema, akimtazama Katibu, "Miaka arobaini mamangu amemlilia mwanawe kama maiti, mpaka akatulia. Nyinyi mumemfufua, mkamwacha njiani."

Katibu alisema pole. Jalila alimwambia, "Pole yako itie mfukoni, Kazungu."

Ombi lake lilikuwa moja: maandishi ya zamani yapatikane leo, yachapishwe, mama asomewe kwamba milima haipo, kabla hajatoka tena.

KUMB. NA. 5/5/2025: HATUA ZILIZOCHUKULIWA
Kimani alieleza kwamba amewaandikia wasimamizi kwa jina lake mwenyewe akaomba radhi. Walikataa kuirudisha makala kwa sababu hadithi za bibi hazijachapishwa popote, ila wamemtumia maandishi yake ya mwanzo. Mwenyekiti alimshukuru. Katibu pia alimshukuru, jambo ambalo Kimani aliomba liandikwe.

Ukurasa ulichapishwa kwa mashine ya Kiponda. Katibu alipendekeza upigwe muhuri wa kikundi, kwa kuwa Bi Mwanatatu huheshimu muhuri. Kimani aliunga mkono. Ulipigwa mara mbili.

Jalila alisema hawezi kungoja mpaka avuke feri. Alimpigia Pascalia, simu ikawekwa sauti ya juu mezani, wote wakasikia. Alisoma: "Milima ya Fungamo ni safu ya milima ya kubuni. Haipo popote duniani."

Bi Mwanatatu hakuitikia, "Naam." Alisema, "Karatasi hiyo ni ya zamani."

"Ni ya leo, mama. Ina muhuri."

"Hata. Aliyeiandika hiyo hajafika. Hati ni hati, na shahidi ni shahidi. Kazungu yupo hapo?"

Jalila alisema yupo.

"Mpe simu. Kazungu, mwanangu, hebu waeleze ulivyonieleza juzi. Mimi hawanisadiki, waniona nimerukwa na akili."

Katibu hakuichukua simu.

Jalila alimuuliza kama juzi alikwenda kwao. Katibu alijibu kwamba alikwenda kuomba radhi, Jalila akiwa sokoni. Kimani aliuliza, "Na uliomba?" Katibu alipendekeza suala hilo liahirishwe mpaka kikao kijacho. Hakuna aliyeunga mkono. Simu ilikuwa bado wazi, na Bi Mwanatatu alikuwa akimuuliza Pascalia, "Mbona hasemi? Yeye alimuona kwa mato yake mawili."

Jalila aliikata simu. Alichukua karatasi yake akaondoka saa kumi na moja kasorobo kuwahi feri. Mlangoni alimwambia Mwenyekiti, "Shikamoo, Mwalimu, na kwaheri. Jina langu lifuteni kwenye orodha." Kimani alimfuata ili amsindikize.

KUMB. NA. 6/5/2025: KUFUNGA
Waliobaki walikuwa Mwenyekiti na Katibu. Mwenyekiti alisema hatatia sahihi mpaka Katibu aandike kwa mkono wake alichomwambia Bi Mwanatatu, bila mapambo. Katibu alieleza kwamba si kawaida ya kumbukumbu. Mwenyekiti alivuta kiti akakaa, akasema ana muda.

Ninaandika:

Alhamisi, tarehe 15 Mei, nilikwenda Likoni nimwambie kwamba nilidanganya. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye feri. Alinishika mkono kabla sijakaa, akasema aliyeandika njia lazima ameipita, akaniuliza kama ni kweli nilipanda kwa miguu yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimuona Suleiman. Uso wake ulikuwa umekuwa wa msichana, na ulimi wangu haujawahi kukosa la kusema. Nikasema nilimuona. Nikasema ana ndevu, anafuga mbuzi, na hawezi kuwaacha mbuzi, kwa hiyo anamngoja mamake aende yeye. Aliniuliza njia. Nikamwelekeza.

Jana asubuhi alikuwa anaifuata.

Sikumuona mtu.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, bila sala.

Mwenyekiti: M. Auma (sahihi)

Katibu: K. Matano (sahihi)