Kopo la Golikipa wa Upande wa Pili

Mama,

Wamenipa tuzo. Golikipa bora wa hoki ya barafuni katika ligi yetu ya vyuo, na huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla Mama Rehema wa ghorofa ya chini hajanitangulia, maana yule kwa kupeleka habari hata kaburi halimzuii. Ningekuwa naongea ningechanganya na Kiingereza, nawe ungenikata: "Rudia kwa lugha ya mama yako." Basi narudia.

Hoki hukuielewa hadi mwisho. Siku ya kwanza kuniona na mavazi ya golikipa, bado mtoto, ulishika kiuno ukauliza, "Nani kamfunga mwanangu magodoro?" Walikuwa wameniweka golini kwa sababu sikujua kukimbia kwenye barafu, na mtaa wetu wote wa Crescent Town ulijua hivyo. Wewe ukampigia Bibi kule Muheza kwa kadi ya simu, ukamwambia nimeachiwa ulinzi wa nyumba, wenzangu wakienda kutembea.

Uliniona nimesimama peke yangu. Ukatazama upande wa pili, ukamwona golikipa wao naye kasimama peke yake, ukaamua sisi wawili ni wenza. Kosa hilo hukuliacha. Kila mechi ulikaanga maandazi, ukayagawa kwenye makopo mawili ya aiskrimu, moja langu na moja la golikipa wa wapinzani. Kocha alijaribu kukueleza kwamba yule leo ni adui yetu. Ukamjibu, "Adui naye ana tumbo," ukaenda zako kumpelekea.

Chuoni nilianza kwa kukaa benchi mwaka mzima. Ulikuja vilevile, umetoka zamu hospitalini, na makopo yako. Mwaka uliofuata golikipa wetu aliumia goti, nikaingia mimi, na sikutoka tena. Kuna siku nilifungwa ovyo kipindi cha kwanza. Kocha alikuwa anafoka, ila mimi kwa mawazo nilikuwa jikoni kwetu, bado mtoto, nalia juu ya andazi lililoungua, nawe unanisukuma kwa nyonga: "Lililoungua limeungua. Tazama lililo kwenye mafuta." Sikufungwa tena siku ile. Watu wa gazeti la chuo wakiniuliza siri ya utulivu wangu, huwa nawaambia ni mazoezi.

Kisha ukaondoka duniani, asubuhi moja, kwenye hospitali ileile uliyokuwa ukifanyia kazi. Nilimwambia kocha asinihesabu tena. Ningesimamaje golini huku kiti chako cha karibu na mlango wa uwanja kiko tupu? Sikuwa natishia, Mama. Nilishafungasha magodoro yangu niyarudishe chuoni.

Katikati ya matanga mlango ukagongwa. Alikuwa Megan, golikipa wa chuo kile tunachokabana nacho koo kila msimu. Alivua viatu bila kuambiwa, akapita katikati ya kina mama waliokaa chini, akaketi ubavuni mwangu. Ameshika kopo la aiskrimu. Kopo lako, Mama. Msimu uliopita alitaka kukurudishia palepale baada ya kula, ukamwambia, kwa Kiingereza chako cha kuungaunga, kwamba kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ulikuwa unamtania. Yeye akaona ni sheria, akakaa nalo muda wote ule akiwaza atie nini.

Ndani mlikuwa na maandazi aliyopika mwenyewe. Hayakuumuka, hayana iliki, magumu kama kile kisahani cheusi tunachokizuia golini. Mama Rehema alitafuna moja akanyamaza, na Mama Rehema kunyamaza unajua ni jambo gani. Nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Nikacheka hadi nikalia, Megan naye akalia, kina mama wakaanza kilio upya. Wakati wa kuaga alinishika mkono, akasema mechi yetu nao iko karibu, na yeye hataki kusimama peke yake.

Nikafungua begi la magodoro.

Mechi ile tuliwafunga bao moja, na nilizuia mpaka mikono ikafa ganzi. Kwenye fainali wakatushinda wao, kwa haki kabisa. Tuzo ikaja kwangu, na jina langu lilipoitwa palepale uwanjani, Megan ndiye aliyesimama wa kwanza kupiga makofi. Nilimwangalia yeye kwa sababu sikuthubutu kuangalia viti vya karibu na mlango.

Asante, Mama. Asante kwa kuja ukiwa umechoka, na kwa kuniita mlinzi wa nyumba wakati wengine waliniona mzigo. Lakini zaidi ya yote, asante kwa kutouelewa mchezo huu. Ungeuelewa, leo ningekuwa peke yangu.

Kopo liko kwangu sasa, juu ya friji. Jumamosi nakaanga, na iliki natia, na yatakayoungua yameungua. Megan anahamia mbali kikazi, lakini nakuahidi kopo hili litaendelea kwenda na kurudi kati yetu, na halitasafiri tupu.

Pumzika, Mama. Nyumba nailinda.

Mwanao wa magodoro,
Zuhura