Verlyn Haugstad, Mwamuzi Ambaye Hawakumuuliza

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipoinama gereji kufunga kamba za viatu vyako vya uwanjani, na hukuinuka tena. Mchezo ulikuwa uanze saa kumi na mbili jioni. Ilipofika na robo simu ya Mama ikalia, na mtu wa kwanza kuulizia habari zako akasema hivi, neno kwa neno: "Ardis, refa yuko wapi? Tumesimama hapa kama wajinga." Hakukosea. Mpaka leo hatujasikia maelezo mazuri kuliko hayo kuhusu ligi ile.

Tunakukumbuka ulivyokuwa. Miaka thelathini na minne katika idara ya vioo pale kiwanda cha madirisha, na ukastaafu na vidole vyote kumi, jambo ambalo wenzako wengi hawakuliweza. Goti lilipogoma kukimbia uliacha kucheza softiboli, ule mchezo wa gongo na mpira, ukawa mwamuzi wa ligi ya kiwanda, misimu ishirini na sita, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Ulikula mkate wako wa jibini ukiwa umesimama. Kiburashi cha kufagilia sahani ya nyumbani, lile bamba la uwanjani mpigaji anapoanzia na kumalizia mbio, ulikiosha kwa sabuni ya vyombo, kwenye sinki la Mama, na Mama alikufokea kila Jumanne kwa miaka yote hiyo, naye sasa hana wa kumfokea.

Kila Aprili, theluji ikiwa bado imelala vivulini, ulimpelekea kila nahodha kitabu cha sheria. Mjomba Orrin, kaka yake Mama na nahodha wa timu ya Vioo, cha kwake alikikunja akakiweka chini ya mguu wa jiko lake la kuchomea soseji ili lisiyumbe. Tulikiona kwa macho yetu.

Na uliwahukumu watu gani, Baba? Watu wazima wenye vitambi na wajukuu, wamevaa fulana zenye majina yao mgongoni utadhani watapotea wasijue pa kurudi. Wanachelewa kufika kwa sababu ya bia, wanawahi kuondoka kwa sababu ya bia, na katikati yake wanatukana. "Refa, miwani umeiacha kwa mkeo?" "Mzee, amka, mpira ulishapita!" Kuna yule wa idara ya rangi aliyezoea kupayuka, "Hata mbwa wangu kaiona hiyo!" nawe ukamjibu bila kugeuka, "Mbwa wako yumo kwenye orodha ya wachezaji?" Nadhani huo ndio utani pekee uliowahi kuutoa ukiwa kazini, na hakuna aliyecheka isipokuwa Mama.

Mkuu wao alikuwa Thayer Lindgaard, mkurugenzi wa mauzo. Huyo alikuwa na magongo manne ya kupigia, kila gongo na mfuko wake. Angekuwa na jitihada hizo ofisini labda tungeuza madirisha mengi zaidi.

Sasa tuiseme fainali ile, maana ndiyo inayotuuma. Ni miaka kumi na mmoja. Vioo na Mauzo walikuwa sare, zamu ya mwisho. Thayer akaugonga mpira ukampita Mjomba Orrin, ambaye alikuwa amesimama kule nyuma kashika kiuno kama anasubiri basi. Thayer akakimbia, kitambi kikitangulia. Akakanyaga kituo cha kwanza, kimto cheupe kilichobanwa ardhini, akakanyaga cha pili, na pale cha tatu akakata kona kwa ndani akakiruka, futi nzima. Akaingia nyumbani. Mauzo wote wakamrukia na kumwagiana bia, Vioo wakatupa glavu chini wakaanza kutoka uwanjani.

Mpigaji lazima akanyage vituo vyote vitatu ndipo arudi nyumbani. Mtoto wa chekechea ukimwonyesha mara moja anashika. Wewe ulimwona. Lakini sheria inasema mwamuzi akiona mkimbiaji ameruka kituo, afunge mdomo. Ni juu ya wapinzani kukata rufaa: mmoja wao ashike mpira, akanyage kituo, aseme huyu hakupita hapa. Hapo ndipo mwamuzi anafungua kinywa. Wakishatoka wote uwanjani bila kuuliza, basi, imepita.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao. Alijua kwamba ile barakoa yako ya waya ilikubana masikio, kwa hiyo mchezo ukiisha tu unaivua. Siku ile hukuivua. Ulisimama nyuma ya sahani, kimya, Vioo wakipita mbele yako mmoja mmoja na matusi yao. Mama akajiambia, hapa kuna kitu. Orrin, aliyekwenda kuuokota mpira kule nyuma, alikuwa wa mwisho. Alipovuka mstari, ukavua barakoa, ukainama, ukaifagia taratibu sahani ambayo hakuna mtu angeikanyaga tena mpaka mwaka unaofuata.

Kule baa, Mjomba Orrin akiwa ameinamia glasi yake, ndipo ulipolisema.

"Kituo cha tatu alikiruka," ulisema. "Futi nzima."

"Nani?"

"Thayer."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Sasa mbona hukusema, shemeji?"

"Hamkuniuliza."

Mtu aliyesoma hata ukurasa mmoja wa kitabu alichopewa bure mara kumi na sita angejipiga kofi mwenyewe. Mjomba Orrin aligonga meza. "Sema tu unalamba viatu vya wakubwa!" Akatoka. Hakukanyaga tena kwetu, Krismasi kumi na moja mfululizo. Kila mwaka Mama alichemsha viazi vya ziada kwa ajili ya kaka yake, na kila mwaka alivila mwenyewe siku tatu. Wenzako wa Vioo nao wakakununia hadi ulipostaafu. Wanaume wazima, wananuna kwenye foleni ya kahawa!

Maneno yako yakamfikia Thayer. Agosti ile, kwenye sherehe ya kiwanda, alikuita mbele kwa kipaza sauti, akakukabidhi fimbo nyeupe ya vipofu iliyofungwa utepe mwekundu. Watu walicheka hadi bia ikawatoka puani. Nawe ulisema nini? "Asante." Ukaja nayo nyumbani ukaiegemezea nyanya, na nyanya hazijawahi kusimama vizuri kama mwaka ule.

Hukuwahi kutuambia kwamba iliuma. Lakini tangu Agosti hiyo ulienda kupima macho kila baada ya miezi sita, na karatasi ya daktari ukaibandika kwenye jokofu, pale pale penye picha za wajukuu. Tulikuwa tunaisoma tukichukua maziwa. Macho mazima, yote mawili. Tuliumia, Baba, na tulikaa kimya kama wewe, na hilo tunalijutia.

Ukarudi uwanjani misimu kumi mingine. Walikuita kipofu nawe ukawafagilia sahani. Mama alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa yeye mwenyewe: mtu mmoja, mbele za watu, aseme kwamba uliona.

Jumanne iliyopita kiwanda kilitualika. Wameupa uwanja jina lako. Wameweka na bango, na kwenye bango kuna picha yako ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu misimu ishirini na sita haikumpa yeyote kati yao wazo la kukupiga picha ya uso. Dada mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, ambaye hakuwahi kukuona, alisoma kwenye karatasi kwamba ulikuwa na "jicho kali lisilokosea." Wakapiga makofi. Wale wale! Mmoja alifuta machozi kwa mkono ulioshika soseji.

Thayer alikuwepo. Amestaafu, ana nyonga ya chuma, alikuwa amekaa kivulini kwenye kiti cha kukunja, sahani ya karatasi mapajani. Mjomba Orrin alisimama mbali, karibu na uzio, kofia mkononi. Mama hakumwangalia.

Kisha wakampa Mama mpira afungue mchezo wa heshima. "Urushe tu, mama," yule dada akamwambia. "Popote. Ni wa heshima."

Mama hakuurusha. Aliushika kwa mikono miwili, akatembea na viatu vyake vya kanisani kwenye vumbi lile hadi kituo cha tatu, akapanda juu yake. Tulidhani amechanganyikiwa. Nilianza kumfuata. Akainua mpira juu.

"Thayer Lindgaard," akaita. "Nakata rufaa."

Watu wakacheka. Thayer naye akacheka. "Rufaa gani tena, Ardis?"

"Ya fainali. Ulipita hapa ukikimbia. Ulikanyaga?"

"Jamani, Ardis, tuko kwenye hafla ya Verlyn."

"Ndiyo maana nauliza. Ulikanyaga, hukukanyaga?"

Kicheko kikaisha. Unajua Mama akisimama mahali. Alisimama na mpira wake, wala hakuushusha. Thayer akaangalia soseji yake. Akamwangalia mkewe, na mkewe akaangalia pembeni.

"Sikukanyaga," akasema.

"Sema wasikie."

"Sikukanyaga! Nilijua wakati ule ule. Nilipofika nyumbani nilimtazama Verlyn, naye akanitazama. Nikajua kaona, na nikajua hatasema wasipomuuliza."

"Ulijua kaona," Mama akasema. "Halafu ukaenda kumnunulia fimbo."

"Ulikuwa utani tu, Ardis."

"Mbona sasa huchekeshi?"

  Ungedhani, Baba, waliocheka Agosti ile angalau wataona haya. Wapi! Jamaa mmoja wa Vioo akapiga ngumi hewani, "Kombe lilikuwa letu!" na mwenzake akadakia, "Lirudishwe! Liko kwenye kabati la Mauzo!" Wakaanza kubishana hapo hapo chini ya bango lako. Hata hilo hawalijui. Mlikuwa sare, wapumbavu nyie. Rufaa ingeendeleza mchezo tu, isingewapa kombe lolote. Kitabu kinasema. Kichomoeni chini ya jiko mkisome.

Mjomba Orrin ndiye aliyewanyamazisha. "Fungeni midomo yenu," akasema. Akaja hadi mstarini, asiuvuke.

"Dada," akasema. "Alikuwa ananisubiri mimi?"

"Hakuvua barakoa mpaka ulipotoka," Mama akamwambia. "Swali moja tu, Orrin. Na mpira ulikuwa kwenye glavu yako."

Mjomba alilia, mbele ya idara zote. Mama hakumbembeleza. Aliinama, akakishika kituo cha tatu kwa pembe zake, akakichomoa kutoka kwenye chuma chake ardhini, akakikung'uta vumbi, akakiweka kwapani. Tukaondoka. Dada wa ofisi alitukimbilia akisema ni mali ya kiwanda. Mama akamwambia wakikitaka waje kukiuliza. Tumesikia mchezo wa heshima ulichezwa hivyo hivyo, kifuniko cha boksi la mikate kikiwa kituo cha tatu, na bado kuna waliokiruka.

Kituo chako sasa kiko mlango wa jikoni, upande wa ndani, pale pa kufutia miguu. Hakuna anayeingia bila kukikanyaga. Wajukuu wanakirukia kwa miguu miwili. Mhudumu wa posta amekikanyaga. Mchungaji Solveig alipokuja na keki alikikanyaga akiomba radhi kwa viatu vyake vyenye tope.

Jumapili Mjomba Orrin alibisha hodi, amebeba samaki wa kukaanga kwenye karatasi. Mama alikuwa jikoni, kampa mgongo, anageuza viazi. Mjomba akaingia kwa aibu, macho chini ila haoni anachokiona, akapiga hatua ndefu akakipita.

"Rudi," Mama akasema, bila kugeuka.

Mjomba akasimama. Akaangalia nyuma yake sakafuni. Akarudi hadi nje, akaingia tena, akakikanyaga kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akabaki amesimama juu yake na samaki wake mkononi kama anasubiri kusikia uamuzi. Mama akageuka, akaangalia miguu yake.

"Haya," akasema. "Umefika nyumbani. Kaa, viazi vinapoa."

Karatasi ya daktari wa macho bado ipo kwenye jokofu. Haitoki.

Unakumbukwa na mkeo Ardis. Binti yako Karna, niliyeandika haya. Mwanao Torger na mkewe Lucinda. Wajukuu zako Brita, Nels na Ingrid. Na shemeji yako Orrin Skaar, aliyeomba jina lake liwemo, na Mama akafikiri siku mbili ndipo akakubali. Wa kiwandani hatuwataji. Pumzika, Baba, uivue barakoa. Tutakukumbuka, tuulizwe tusiulizwe.