Chungu cha Kichuguuni

Isikizya, 4 Julai 2023

Mayu wangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila Dionis anaota meno, kwa hiyo silali.

Nimepata kibarua. Wamekuja watafiti kutoka Dar, wanachimba makao ya watu wa kale, walioishi huku kabla hata ya njia ya misafara. Mimi nachekecha udongo, Dionis mgongoni. Kigae kikibaki kwenye chekeche napiga kelele, wanakuja mbio kama wameitiwa ubwabwa.

Mama, jana wamevuta kamba mpaka kwenye tongo letu, pale ilipokuwa nyumba ya zamani. Mtoto wangu wa kwanza, yule aliyeishi siku moja, ulimzika wapi? Mimi nilikuwa bado sijazinduka hospitalini. Nieleze, niwaombe wapakwepe. Kwa simu siwezi, hiyo ya kaka Leodgar unayopokelea inasikilizwa na nyumba nzima.

Mwanao, Levina


Urambo, 13 Julai

Mwanangu Levina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Mgongo ni ule ule. Mpe Dionis ukoko wa ugali autafune.

Swali lako silijibu. Mtoto aliyekufa bila jino huzikwa na wanawake wakongwe, na aliyemzaa haambiwi mahali, asije akafunga kizazi. Mimi sikuambiwa wa kwangu, nikawazaa ninyi watano. Acha kibarua hicho, kaa ulee.

Mama yako


Isikizya, 19 Julai

Mama,

Shikamoo. Najua unanionea huruma. Lakini nimeshazaa tena, kizazi hakikufunga. Nikiacha kazi shimo litachimbwa vilevile, tofauti ni kwamba mimi sitakuwepo. Kesho kutwa wanaanza upande wa tongo. Sema tu, mashariki au magharibi. Nakuomba kwa heshima, na sitaacha kukuomba.

Mwanao, Levina


Urambo, 2 Agosti

Mwanangu,

Hamjambo wewe na mjukuu? Barua yako nimekaa nayo, naikunja, naikunjua.

Ni chini ya kichuguu, upande linapochwea jua. Nilikuwa peke yangu, wakongwe wenzangu walikuwa msibani. Jembe likagonga chungu cha zamani, kizima, kina mistari shingoni. Nikamfunga kwa kanga, nikamlaza humo. Kiunoni nilimvika shanga za bibi yangu, za tangu enzi za misafara. Waambie wasipaguse.

Mama yako


Isikizya, 9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Chungu kilitoka tarehe 25 Julai.

Kanga ilishaliwa na mchwa. Mathias, msimamizi wetu, akaruka: "Mtoto wa kale huyu! Leo soda juu yangu!" Walipoona shanga wakafurahi zaidi. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, mama. Udongo wa ndani ya chungu niliuchekecha mwenyewe.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa mkubwa wao, Daktari Valentino. Hakunicheka. Alisema, "Dada, kwa neno lako pekee siwezi kumtoa. Aliyezika aje aseme." Gari linampeleka Dar Ijumaa, tarehe 18. Njoo. Hakuna atakayekushitaki. Nitakungoja stendi ya Tabora Alhamisi.

Mwanao, Levina


Urambo, 15 Agosti

Mwanangu,

Nawasalimu. Siwezi kuja. Nilichokwambia kwenye barua tayari kinaninyima usingizi, sembuse kusimama mbele ya wanaume na kunyoosha kidole. Na wakiuliza kwa nini nilizika peke yangu, nani atanisemea? Mwombee tu. Nisamehe.

Mama yako


Isikizya, 20 Agosti

Mama,

Shikamoo. Alhamisi nilisimama mlangoni pa basi mpaka abiria wa mwisho akashuka. Ndipo konda akanipa barua yako.

Ijumaa walipakia. Kwenye boksi lake, mahali pa jina, waliandika namba. Nikamwambia Daktari nina kalamu yangu. Akageukia pembeni. Nikaandika jina la mwanangu, Recheli, na chini yake jina langu. Halafu nikamnyonyesha Dionis mpaka vumbi la gari likatulia.

Krismasi nitakuja kama kila mwaka, nitakupikia, nitakukanda mgongo. Na nitakuuliza, hata mbele ya watu, lini tunakwenda Dar ukaseme. Usiponijibu nitauliza Pasaka.

Uso wake uliuona wewe peke yako, mama. Mimi nilimshika akiwa ndani ya chekeche.

Mwanao, Levina