Kanga Iliyokuwa Ndani ya Pikapu Yako

Mpendwa Baba Zuhura,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Yako anaijua Mungu. Yangu nitakuambia mwenyewe: nimechoka, nimekasirika, na wa kumkasirikia amelala makaburini Kunduchi. Dua yako nimekusomea asubuhi kama kawaida. Sasa nisikilize.

Pikapu yako imepata plastiki mpya kwenye mlango wa nyuma. Ile ya juu, inayofunika ukingo wa mlango, uliyoipasua mwenyewe siku ulipoliachia tangi la maji la jirani lishuke lenyewe. Nakumbuka ulivyosimama mikono kiunoni ukiitazama, halafu ukasema, "Huu ni urembo tu. Gari linatembea." Basi likatembea, urembo wake unaning'inia. Uliifunga kwa waya, na mwaka mzima kila ulipopita kwenye tuta ikagonga, ka-ka-ka-ka, hata nikiwa jikoni nikajua umeingia mtaani kwetu. Nilikuomba ununue nyingine. Ukasema Jumamosi. Hukusema Jumamosi ipi.

Kisha siku moja ukaja kimya. Nilishtuka kukuona mlangoni, maana sikusikia gari. "Nimeitibu," ukaniambia, ukanivuta nje, ukaufungua na kuufunga ule mlango mbele yangu mara tatu, nne, haulii. Nikakusifia, mjinga mimi. Usiku nikakupakulia kipande kikubwa cha samaki.

Kumbuka hilo. Nitalirudia.

Eda yangu imekwisha mwezi uliopita. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, na unajua dirisha la chumba chetu linatazama wapi. Kila nilipofungua pazia, mlango wa nyuma wa pikapu yako huo hapo. Waya ulishakatika kwa kutu na plastiki imepasuka katikati, nusu yake imesimama kama kisu. Siku ya kutoka eda nimeoga, nimevaa baibui jipya aliloniletea mwanao, hatua ya tano nje ya mlango ile plastiki ikanidaka mkono. Baibui likachanika mpaka kwenye kiwiko. Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Watu wakadhani nakulilia wewe. Mwanzo nilililia baibui. Wewe ulifuata baadaye.

Nikaapa plastiki hiyo itatoka. Zuhura akanipeleka kwa fundi wa pale Tegeta, yule mwembamba asiyevua kofia. Ya kwanza aliyoleta ilikuwa fupi. Tukarudi kesho yake, ya pili matundu hayalingani.

"Mama, hili gari la mwaka gani?"

"Angalia kadi."

"Kadi nimeiangalia. Kadi inasema lake na mlango unasema lake." Akainama, akagonga bati kwa kidole. "Mama, huu mlango si wa gari hili. Mzee aliubadilisha lini?"

Nitajua wapi, Baba Zuhura? Umeubadilisha mlango mzima wa gari na mkeo hana habari. Unakumbuka lakini siku niliyobadilisha pazia bila kukuuliza, ulivyosusa chai?

Ya tatu ikapatikana. Fundi akaingiza bisibisi chini ya ile ya zamani, akaivuta, na chini yake kukatoka kitambaa. Akavuta. Kikazidi kuja. Vipande vimekunjwa vizuri, vimesokomezwa kutoka pembe mpaka pembe.

"Mama, samahani," akasema fundi, "marehemu alikuwa dereva au fundi cherehani?"

Watu wa gereji wakacheka. Na mimi nikacheka, mpaka nilipoona pindo. Vumbi na grisi vimekula rangi yote, ila kwenye mkunjo mmoja pamebaki korosho nyekundu kwenye weupe.

Uliijua kanga hiyo. Mama yangu aliniletea doti ile nilipojifungua Zuhura, moja ya kujifunga mimi, moja ya kumbebea mtoto. Ulikuwepo. Ulimshika mwanao ndani ya hiyo ya kumbebea, ukaogopa hata kupumua.

Na ulikuwepo pia miaka sita iliyopita, wiki ile ilipopotea kwenye kamba ya nguo. Dada yako Mwanahawa alikuwa amelala kwetu siku tatu akienda kliniki, akaondoka Ijumaa. Jumamosi nahesabu nguo, kanga moja haipo. Nikampigia. Nilimuuliza kwa upole, wallahi. "Wifi, hukuichanganya na nguo zako kwa bahati mbaya?"

 Kisha akasema, "Wifi, unaniita mwizi?" Akakata simu.

Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo mkekani, unachambua miiba ya samaki. Ulisikia kila neno. Ukasema bila kuinua macho, "Achaneni na mambo ya kanga. Mtanunua nyingine." Na gari lako nje limeanza kutolia wiki ile ile.

Miaka sita, Baba Zuhura. Mwanahawa alikuwa akija anakusalimia getini. Harusi ya Zuhura, yeye shangazi mkubwa, alikaa nyuma na wapishi. Siku ya msiba wako alilia sebuleni kwa jirani, mimi nalia chumbani kwangu, ukuta mmoja katikati yetu. Nilipokuwa eda aliniletea uji wa pilipili manga kwenye chupa kila wiki, kutoka kwake Mbagala kote kule, akauacha kwa Zuhura mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Na mimi sikumwita. Nilidhani ni dhamira inamsuta.

Nimejaribu kukasirika nikamaliza, nimeshindwa, kwa sababu nakujua mno. Kanga ilikuwa imechakaa, ukadhani ni tambara. Ukaichana, ukaisokomeza, ukafurahi. Kisha ukaniona nalilia kanga ya marehemu mama, ukajua umefanya nini. Ukapanga kuniambia. Jumamosi, bila shaka.

Vile vipande nilivifua mara tatu. Juzi nikavifunga pamoja na ile kanga nzima iliyobaki, iliyokaa sandukuni peke yake kama mjane mwenzangu, nikamwambia Zuhura twende Mbagala. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, sikusikia kingine. Nilipomwona wifi yangu barazani anachagua mchele, yote yakapotea. Nikaweka vitu viwili kwenye mkeka wake.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi. Ilikuwa kwenye mlango wa gari. Ni kaka yako."

Akavishika vile vipande, akavinusa.

"Vinanuka grisi."

"Nimevifua mara tatu."

Akavigeuza mkononi. Nikajua sasa nafukuzwa, na atakuwa na haki ya kunifukuza. Kisha akauliza, "Aliichana yeye? Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ndiyo maana." Akainuka, akaingia ndani, akarudi na lundo mpaka kidevuni. Kanga. Mpya, hazijapindwa, karatasi bado ziko. "Kila Idi. Idi ndogo, Idi kubwa, kaka anakuja na doti. Mie nasema kaka yangu ana mapenzi jamani, kaka kama huyu nani anaye? Kumi na moja hizi! Kumbe mtu analipa fidia!"

"Mie hakuninunulia hata leso ya mkono," nikamwambia.

"Angekununulia ungemuuliza kwa nini."

Hapo tukacheka. Tulicheka mpaka mchele ukamwagika, mpaka Zuhura akaja kutazama kuna nini, akatukuta tumeshikana tunalia. Ndio msiba wako tulioufanya, mimi na dada yako, miezi mitano baada ya kukuzika.

Alipofuta uso aliichukua ile kanga nzima ya mama, akaikunja, akaiweka mapajani. "Hii haiondoki hapa. Miaka sita mwizi wake, leo bora niwe nayo kweli." Sikubisha. Akanichagulia moja katika zile kumi na moja, ya bluu, akasema ndiyo iliyokuwa ya Idi ya mwisho uliyoiwahi.

Tukamwambia aje alale kwetu. Akapanda mbele katikati, mimi dirishani, Zuhura anaendesha. Mpaka Mwenge gari kimya. Tunashika njia ya Tegeta, tuta la kwanza tu: ka-ka-ka-ka.

Plastiki mpya! Fundi alikuwa amesema klipu mbili zimekosekana lakini "itashika tu, mama." Imeshika, na inalia kuliko ya kwako. Tuta la pili hivyo hivyo. Tuta la tatu Mwanahawa akageuka.

"Wifi, vile vitambaa unavyo?"

Ninavyo, kwenye mkoba. Zuhura akasimamisha gari pembeni. Tukashuka wanawake watatu, tukaibetua ile plastiki kwa kijiko cha chai kilichokuwa garini, tukasokomeza kanga ya mama yangu kutoka pembe mpaka pembe, kama ulivyofanya. Mwanahawa akaubamiza mlango mara tatu, nne. Haulii.

Tumefika nyumbani Wazo kimya kabisa. Na hilo, Baba Zuhura, ndilo linaloniudhi kuliko yote: ulikuwa umepatia. Ungenieleza tu, ningekupa kitambaa kingine.

Mungu akulaze pema. Dada yako yuko chumba cha wageni, anakoroma kama wewe.

Mkeo, ambaye hajamaliza kukugombeza,
Mama Zuhura