Mtambo Namba Tatu

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kikohozi kimepungua. Mimi sijambo. Shangazi anakusalimu, ingawa amesema niandike kwa herufi ndogo kwa sababu karatasi hazioti chini ya kitanda chake.

Bado nalala jikoni, kati ya pipa la maji na gunia la mkaa. Silalamiki. Nahesabu tu miezi hadi Desemba, utakapopewa nyumba ya kituo nije tukae wote. Ulisema ina vyumba viwili na kimoja kina dirisha. Naomba hicho.

Mwalimu wa sayansi ametupa kazi ya kulinganisha bei ya umeme wa jua na umeme wa mitambo. Wenzangu wananakili kitabuni, lakini kitabu ni cha zamani, kinasema umeme wa jua ni anasa. Mimi nina baba anayefanya kazi kwenye kituo cha umeme. Mtambo wako unakunywa dizeli kiasi gani kwa saa?

Mwanao

20 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Umenifurahisha. Miaka kumi na sita niko hapa, na swali pekee ninaloulizwa na watu ni kwa nini umeme umekatika.

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia takwimu zote, kutoka kwenye daftari la zamu, saa kwa saa. Mitambo ni mitatu. Namba tatu ndiye wangu, tunamwita Bibi Mkubwa. Amezeeka, na akizimwa hawaki tena kwa siku mbili. Basi tunamwacha angurume kutwa kucha bila kutoa umeme wowote, lita arobaini kila saa. Kwenye taarifa za meneja huyaoni mafuta hayo. Huandikwa kuwa yamemwagika njiani, kidogokidogo. Mpishi wetu husema Bibi Mkubwa anakula na kupika hapiki.

Umeme wa jua ni wa kuwashia redio, mama. Lakini andika vizuri uwashinde. Dirisha ni lako.

Baba yako

11 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nina habari njema, kaa kwanza.

Nimekuwa wa kwanza! Mwalimu aliipeleka kazi yangu kwenye mashindano ya shule zote, na gazeti limeichapa nzima. Ukifuata taarifa za kituo, mitambo inashinda kwa senti chache. Ukiongeza mafuta ya Bibi Mkubwa, jua linashinda. Nilirudia hesabu mara nne. Waamuzi walisema hakuna mtu mzima aliyewahi kuwapa takwimu kama hizo.

Zawadi ni paneli ndogo na taa yake. Shangazi ameichukua taa chumbani kwake. Alisema, "Mshindi anataka taa ya nini? Si unang'aa mwenyewe?"

Mwalimu alitusisitizia kutaja tulikopata kila takwimu, kwani asiyetaja ameiba. Kwa hiyo chini kabisa niliandika: "Chanzo: barua ya baba yangu, fundi wa zamu, mtambo namba tatu, tarehe 20 Februari." Mwalimu amesema huo ndio mstari bora kuliko yote. Jina la kituo lipo juu, kwenye kichwa cha habari.

Mwanao mshindi

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Gazeti nilikuwa nimeshaliona. Limebandikwa ukutani kwenye chumba cha kulia, juu ya birika la chai. Sina pa kukaa nisipoliona.

Walikuja watu kutoka wizarani. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mkubwa wakasema azimwe, na kama nilivyokwambia, hakuwaka. Wamekaa siku mbili wakilitafuta daftari langu, ambalo meneja amelificha. Sasa wanasema kituo kitafungwa. Tuko watu thelathini na wanane. Mpishi ananiuliza kila siku, "Baba Mshindi, leo unakula chakula au unakula takwimu?" Wote wanacheka. Jana mmoja alitema mate kwenye sahani yangu, nao wakacheka vilevile.

Sikulaumu, ila nisikilize. Meneja ameniita. Anasema ukiandika kwa mkono wako kwamba zile lita arobaini ulizibuni na mimi sikukuambia kitu, taarifa zake zitasimama, kazi yangu itabaki na nyumba itabaki. Mistari mitatu inatosha. Barua yangu ichome.

Fanya haraka, mama. Nakuomba.

Baba yako

14 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa sahani.

Nilikaa na karatasi siku tatu. Kila nikiandika kwamba nimebuni, mkono unagoma, kwa sababu hukunifundisha hivyo. Halafu nikaona njia iliyo bora zaidi. Nimemwandikia meneja kwamba takwimu ni za kweli, na kwamba wewe ndiye mtu pekee anayeandika daftari la haki hapo kituoni, hivyo anastahili kujivunia fundi kama wewe. Ili asidhani naongopa, nimemwambatishia barua yako ya tarehe 20 Februari, ileile yenye mwandiko wako.

Nina hakika akiisoma ataelewa. Nimeshafunga nguo zangu kwenye boksi.

Mwanao

30 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Je, meneja amesemaje? Shangazi ananiuliza boksi langu linangoja gari gani.

Mwanao

19 Agosti

Baba,

Shikamoo. Labda barua zinapotea njiani. Kikohozi kinaendeleaje?

Mwanao

6 Desemba

Salamu.

Nilifukuzwa Juni, siku barua yako ilipofika. Meneja aliisoma kwa sauti mbele ya wote, yako kwanza, kisha yangu. Akanirudishia, akasema nikaitie fremu. Yeye wamempandisha, yuko makao makuu.

Kituo kilifungwa Septemba. Mahali pake pamejaa paneli. Hazinguruki, hazinywi, hazihitaji fundi. Zinahitaji watu wanne wenye ndoo na matambara wa kufuta vumbi. Mimi ni mmoja wao. Umeme umeshuka bei kweli na mji mzima unashangilia. Hesabu yako ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho.

Nyumba za kituo zilibomolewa kupisha paneli. Ile ya dirisha ilibomolewa ya kwanza. Mimi ndiye niliyeambiwa nilitoe dirisha lenyewe, kioo kisivunjike.

Fungua boksi lako. Nimeongea na shangazi yako, utabaki kwake. Usiniandikie tena. Nikikujibu nitakuambia jambo, nawe utalitaja pamoja na chanzo chake, kama ulivyofundishwa.

Fundi wa zamu, mtambo namba tatu