Kwa Efua, Aliyewaingiza Mafundi Kwenye Sera ya Ghana

Mpendwa binti yangu Efua,

Nimekaa nje ya karakana na kitambaa cha kanisa bado kiko kichwani. Leo ni Jumapili, mashine zimenyamaza, na jirani ameanika nguo zake hadi kwenye rundo langu la vyuma. Kwenye simu wewe na mimi huwa tunacheka tu, na mambo yenyewe yanapita. Leo nataka yakae kwenye karatasi. Njoki ataipiga picha barua hii akutumie, na akitaka kuwasomea watu wengine, awasomee. Sina siri humu.

Unakumbuka siku ulipohamia mtaani kwetu hapa Kimbo? Ulikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo kule chuoni Thika, umetoka Ghana na sanduku moja, na ukapata chumba kwenye ploti yetu. Nilikuuliza jina lako lina maana gani. Ukasema ni msichana aliyezaliwa Ijumaa.

"Na wakizaliwa wasichana wawili Ijumaa nyumba moja?" nikakuuliza.

"Basi wote ni Efua," ukasema, hata hukucheka.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikakueleza kwamba kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, ndiyo sababu binti yangu ni Njoki, kama mama mkwe wangu, na kama binti za shemeji zangu watatu. Ukafikiri kidogo, ukaniambia, "Sasa Mama, ukiita Njoki kwenye harusi, si wanakuja wanne?" Tangu siku hiyo nilijua tutaelewana.

Halafu ukaja ule muhula wa mafunzo ya vitendo. Wiki mbili nzima ulizunguka Thika na bahasha yako, kiwanda hadi kiwanda, na kila lango ukaambiwa nafasi zimejaa. Siku moja ulirudi mchana, ukaketi kwenye kizingiti cha chumba chako na viatu mkononi. Mimi nilikuwa nachomelea mguu wa mashine ya kukatia ng'ombe majani, kazi ambayo nimeifanya tangu baba ya Njoki afariki akaniachia karakana. Nilivua miwani nikakutazama. Nikaona huyu mtoto ataanza kulia sasa hivi.

"Kesho saa mbili uko hapa," nikakuambia. "Na uje na viatu vya maana, si hivyo."

"Mama, chuo kinataka kampuni yenye mhandisi."

"Mwalimu wako aje aone."

Alikuja. Alizunguka karakana akiwa ameweka mikono nyuma, akashika shafti moja, ile fito ya chuma inayozungusha visu, akaizungusha, akauliza nani ameichonga. Nikasema ni mimi. Akakutilia sahihi papo hapo, akiwa ameegemea pipa la maji.

Haiya, Efua, ulikuwa na maswali! "Kwa nini shafti hii ni nene hivi?" Nikakujibu, "Kwa sababu ile nyembamba ilivunjika." Ukaenda kuandika kwenye daftari, ukarudi unacheka, ukaniambia jibu langu ni hesabu ya ukurasa mzima kule chuoni. Sikuwahi kumwambia mtu jinsi neno lile lilivyonifurahisha. Niliacha shule darasa la nane. Miaka yote nilidhani nafanya kazi ya kubahatisha.

Ni siku tulipokuwa tukila githeri, mahindi na maharagwe, uliponieleza habari za mama yako. Ulisema yeye na wanawake wa mji wenu hukuna mihogo kwa mkono juu ya bati lililotobolewa na misumari, wapate kutengeneza gari, ule unga wenu wa mihogo iliyochachushwa na kukaangwa. Vidole vyao vyote vina makovu. Ulipokuwa na miaka kumi, mradi fulani uliwaletea mashine kubwa kutoka ng'ambo. Kulikuwa na utepe, hotuba na soda. Mashine ikafanya kazi wiki saba, kisha kipande kimoja cha ndani kikavunjika, kidogo tu, cha kujaa kiganjani. Hakuna aliyekuwa na mchoro wake, na hakuna duka lililokiuza. Kuku wakaanza kutagia ndani.

"Nilimwona mama yangu akirudi kwenye bati lake," ukasema. "Ndiyo siku niliyoamua kusomea mashine."

Nilikusogezea sahani yako. Nikakuambia, "Maliza kula, halafu tutengeneze."

Mashine yetu ya kwanza ya kukuna mihogo tuliitengeneza kwa mabaki ya chuma na injini ya pikipiki iliyokufa. Tulienda soko la Thika tukanunua mihogo, wewe ukaitia ndani, ikarushwa yote hadi kwenye saluni ya jirani. Mama Shiro alitoka na povu la shampuu mkononi, nywele zake zimejaa vipande vyeupe. "Nyinyi wawili mtaua watu!" Tulikimbilia nyuma ya tangi tukacheka kama watoto wa shule. Ya pili ilikubali. Njoki alikula gari yako na maziwa na sukari, akaomba tena, na wewe ukaondoka Kenya na michoro ya mashine ile, umeichora mwenyewe, kila kipande na kipimo chake.

Miaka ikapita. Ukapata kazi wizarani kwenu Accra. Mwaka jana ukanipigia simu sauti ikiwa juu juu.

"Mama, nimewekwa kwenye timu inayoandika sera ya taifa ya teknolojia kwa maendeleo!"

Nilishangilia kwanza, kisha nikauliza. "Lakini Efua, sera ni nini hasa?"

Ukasema, "Ni karatasi inayosema serikali itanunua nini, itamfundisha nani, na itamwamini nani."

Ukanisomea yaliyokuwemo. Setilaiti, kompyuta za kufikiri zenyewe, maeneo ya viwanda, intaneti ya kasi hadi vijijini. Nikakuambia ni vizuri, hata sisi tunavitaka. Kisha nikauliza, "Na mafundi wako ukurasa wa ngapi?"

"Hawapo, Mama."

Ndipo ukaandika kipengele chako. Kwamba mashine yoyote itakayonunuliwa kwa pesa za umma kwa ajili ya vijiji ije na michoro yake, fundi wa mahali pale afundishwe kuitengeneza, na vipuri vyake vichongwe hukohuko. Kamati yenu ikakiondoa. Ukakirudisha, kikaondolewa tena. Ulinipigia ukilia, na mimi nilikuwa nimeshika grainda, sikuwa na mkono wa kukufuta machozi hata kama ungekuwa karibu. Ulisema mwenyekiti wa kamati si mtu mbaya. Ni mhandisi mzee, na anaogopa kwamba kipuri kilichochongwa vibaya kitamkata mwanamke mkono. Nikakuambia ukweli, kwamba hofu yake ni ya mtu mwenye akili.

Ukasema, "Basi mwambie wewe mwenyewe."

Siku ile kamati ilipokubali kunisikia kwa video! Saa sita mchana kwetu, saa tatu asubuhi kwenu. Njoki alisimamisha simu juu ya mikebe ya rangi. Alitaka nivae suti ya harusi ya binamu yake. "Mami, ni watu wa serikali, vua hiyo ovaroli." Nikakataa. Wameomba kumwona fundi, waone fundi. Kabla sijamaliza kusalimia, stima ikapotea mtaa mzima na intaneti ya jirani ikaenda nayo. Njoki akanunua bando mbio, na mliporudi kwenye kioo nyuso zenu zote zilikuwa zimeinamia simu kana kwamba mnatafuta pete iliyoanguka.

Niliongea Kiswahili, wewe ukatafsiri. Mwenyekiti akauliza swali lake bila kuzunguka. Fundi wa mtaani akikosea na mtu akaumia, nani atajibu?

Efua, hapo nilikuwa na hotuba nzuri ambayo Njoki alikuwa ameniandikia. Niliiweka chini. Niliwaeleza habari za Bwana Kamau wa Gatongora, ambazo hata wewe sikuwa nimekusimulia, kwa aibu. Mashine ya kwanza niliyotengeneza peke yangu baada ya kufiwa haikuwa na kinga ya visu. Ilimkata kidole. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, nikakaa naye, na niliporudi nikachomelea kinga kwenye kila mashine niliyokuwa nimewahi kuuza, nyumba hadi nyumba. Mpaka leo Bwana Kamau hupita hapa karakana, ananionyesha kile kidole kifupi na kusema, "Fundi, bado unakumbuka?"

"Kwa hiyo anayejibu ni mimi," nikasema. "Kwa sababu Bwana Kamau anapajua nyumbani kwangu. Na ile mashine yenu iliyokufa, kuna mtu hapo anayejua nyumbani kwa aliyeitengeneza?"

Ulitafsiri polepole. Sijui uliongeza chumvi kiasi gani, lakini watu wote walimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Hiyo ni Kenya. Nionyesheni hapa kwetu."

Na wewe, binti niliyekuokota kizingitini na viatu mkononi, ulisimama mbele ya wakubwa zako ukamjibu, "Nipe siku kumi, mzee."

Ulikipeleka kile kipande kilichovunjika hadi kwa fundi wa pikipiki wa mji wa mama yako. Kila jioni, kabla sijafunga karakana, mlinipigia nikaona. Cha kwanza alichochonga kilikuwa kilegevu. Cha pili kikapasuka. Cha tatu nilimwambia apashe chuma moto zaidi na asiwe na haraka ya kukipoza, akatikisa kichwa kama mtu anayesema mama huyu ananifundisha kazi yangu. Lakini alifanya. Pia akaweka kinga, bila kuambiwa na mtu.

Video ya siku ya kumi nimeitazama mpaka Njoki amechoka. Kuku wanafukuzwa, wanalalamika. Mama yako anatia mhogo wa kwanza. Mashine inakohoa, inakohoa tena, halafu inanguruma, na ule uji mweupe unashuka kwenye beseni. Wanawake wanacheza. Mwenyekiti wenu yuko pale na tai yake imerukiwa na mihogo, anacheka na meno yote, anampa fundi mkono wakati fundi anajaribu kuufuta wake grisi kwanza. Mimi nilipiga kelele katikati ya barabara hapa Kimbo. Mama Shiro akatoka mbio akidhani nimefiwa.

"Mama Njoki, kuna nini?"

"Mihogo! Mihogo inakunwa Ghana!"

Hakuelewa kitu, lakini alicheza na mimi.

Kipengele kilipopitishwa ulinitumia picha ya ukurasa. Tumeuchapisha na kuubandika karakana, na tayari una alama za vidole vya grisi kwa sababu kila anayeingia huwa namwonyesha mahali pa kusoma. Najua karatasi haichomelei chuma. Uliniambia juzi kwamba mji wa pili bado unasubiri michoro yake, na kwamba kuna mkubwa mmoja anayeona mnachelewesha ununuzi. Mfuate. Mpigie simu kila wiki mpaka akuonee haya. Lakini leo sitaki kukutuma kazi, nataka tu ujue kwamba nina furaha. Wakati mwingine nashika shafti, nafikiri kwamba mahali fulani mbali mtu ameandika neno "fundi" kwenye karatasi ya taifa lake, na mkono ulioliandika nimeufundisha mimi kushika tupa. 

Sasa sikia ya Alhamisi, ndiyo hasa iliyonifanya nichukue kalamu. Kulitangazwa mkutano Thika wa wananchi kutoa maoni kuhusu mashine zitakazonunuliwa kwa ajili ya vikundi vya wakulima. Zamani ningesema hayo ni ya wasomi. Nilifunga karakana nikaenda. Mlangoni karani alinipa fomu. Jina, nikajaza. Simu, nikajaza. Mahali pa tatu pameandikwa "Shirika unalowakilisha." Wenzangu kwenye foleni walikuwa wanaandika majina marefu yenye herufi kubwa. Nilisimama pale nikafikiri, kisha nikaandika: Mama yake Efua.

Karani akasoma, akaniangalia. "Mama, hili ndilo shirika?"

"Ndilo," nikamwambia. "Lina matawi mawili, Kimbo na Ghana."

Akagonga muhuri. Nikaingia, na zamu yangu ilipofika nikawasomea kipengele chako kwa Kiswahili, neno kwa neno, na ofisa wa mbele akaniomba nirudie taratibu apate kuandika.

Nisalimie mama yako aliyekuzaa, umwambie vidole vyake vipumzike sasa. Kula vizuri, usijibu simu za kazi ukiwa mezani, na ukipata likizo chumba chako kipo, nimekataa kukipangisha. Mungu akutunze, mwanangu.

Mama yako wa Kimbo