Tulipu za Mbili Mbili

Jumamosi, katikati ya Mei. Jua limetoka hapa Mount Dennis, mtaa wetu wa Toronto, lakini sweta bado sijathubutu kulivua.

Leo tulipu za Aloyce zimechanua. Nimeandika sentensi hiyo, nikainuka kwenda dirishani kuhakikisha. Bado zipo.

Aloyce, mume wangu, alizipanda Oktoba mbele ya nyumba, akitumia kamba ili mstari unyooke. Nilimcheka: Mchaga gani anahangaika na kitu kisicholiwa? Akasema nisubiri Mei nitaona. Januari tukamzika. Tangu hapo nikawa naisubiri Mei, maana sikuwa na kingine cha kusubiri.

Mama yangu alikuja kutoka Moshi kwa ajili ya msiba, akabaki kunisaidia na binti yangu Neema. Theluji ilipoyeyuka tu, akafunga kanga juu ya koti na kuanza kufagia uwanja kila alfajiri, kama yuko Kibosho. Kwake yeye, nyumba iliyofiwa hufagiwa kuliko nyingine zote, watu wasije wakasema imekufa pamoja na mwenyewe.

Ndivyo alivyokutana na majani ya tulipu yakichomoza. Mama anajua mgomba, anajua kahawa, anajua maharage. Asichokijua, kwake ni gugu. Aling'oa yote pamoja na mizizi yake iliyo kama vitunguu, akatupa kwenye uzio.

Niliporudi kutoka kazini, uwanja ulikuwa unang'aa.

Sikumfokea. Afadhali ningemfokea. Nilijifungia chumbani nikalia kilio ambacho makaburini kilikataa kutoka, na siku zilizofuata nikawa namwamkia tu, basi. Neema, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyemweleza bibi yake kwa maneno machache na mikono mingi kwamba yale yalikuwa maua ya baba.

Jumapili asubuhi nikakuta jani la isale mezani, kando ya kikombe changu, limefungwa fundo. Kwetu Uchagani ukiletewa isale unasamehe; hupimi ukubwa wa kosa. Lakini isale Toronto litoke wapi? Nikageuka, nikaona ule mmea wa kwenye chungu pembeni ya televisheni, nilioununua kama pambo, umekatwa jani. Miaka yote nimekuwa nikimwagilia isale sebuleni kwangu bila kulitambua. Mchaga wa kuigwa mimi.

"Nimekuletea isale, mwanangu," Mama alisema, amesimama mlangoni kama mgeni. "Ni la dukani, lakini naona ni lile lile."

Nililipokea kwa mikono miwili. Tulilia, halafu tukanywa chai, na kanisani tukafika tumechelewa. Njiani ndipo aliponiambia kwamba aliyarudisha maua udongoni jioni ile ile Neema alipomweleza. Nilimshukuru, ila moyoni sikutumaini kitu.

Leo yametoka. Si yote. Ni mafupi, na mengine yameinama kama yametoka kuugua. Mstari wa Aloyce haupo tena: yamesimama mawili mawili, uwanja mzima. Nikamuuliza Mama kwa nini.

"Nimepanda kama maharage," alisema. "Mbili kila shimo. Moja ikikataa, nyingine inashika."

Alisema hivyo akiendelea kufagia, wala hakuniangalia. Mimi nilikaa kwenye ngazi na kikombe changu cha chai. Karibu na ngazi kuna shimo ambalo moja ilikataa. Iliyobaki ni nyekundu, na imefunguka kabisa.

Nimeitazama mpaka chai ikapoa.

Asante, Aloyce, kwa kupanda kisicholiwa. Asante, Mama, kwa kupanda tena, hata kwa kung'oa pia. Moyo wangu leo umejaa, na sitaki kuuficha.

Kesho nitaamka alfajiri. Ufagio tunao mmoja tu, itabidi tupokezane.